Kisanduku cha Sebuleni na Kiapo Ulichokataa

Mwanangu Hashimu,

Umetoka sasa hivi kwenda Likombe kumuaga mjomba wako, na ninavyomjua mkewe, hatakuachia mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo nina nafasi. Baba yako yuko zamu Madimba, akitoka huko atapitiliza kukupeleka stendi. Bibi yako Somoe amelala hapa sebuleni kwenye kitanda chake, na mimi nimekaa kwenye ile meza uliyokuwa ukifanyia kazi zako. Salamu na dua nitakupa kesho kwa mdomo, mbele ya watu, kama inavyotakiwa. Hapa naandika yale ambayo mdomo wangu umeshindwa.

Sitakuandikia ule nini huko Mwanza wala uvae nini kukiwa na baridi. Wewe ni mtu mzima, njaa ikikubana utajua pa kwenda. Achari nimeifunga vizuri, ila ikimwagikia nguo usinilaumu, nilikwambia uibebe mkononi. Hayo yameisha.

Tangu ile Ijumaa mimi na wewe tunapeana chai, tunaulizana kama chumvi imetosha, na neno lenyewe tunalizunguka kama watu wanaokwepa dimbwi. Kesho unaondoka, na mimi naogopa. Barabara siiogopi, wala wageni utakaowakuta. Naogopa kwamba utafika huko, utapanga chumba chako, utapata kazi na marafiki na mke, na ndani yako kutakuwa na jambo moja limekaa tu: mama yangu hakuniamini. Mtu anaweza kuzeeka na jambo kama hilo, Hashimu. Sitaki uzeeke nalo.

Niache nianzie nyuma, maana nikianzia katikati nitaanza kujitetea.

Unajua watu wananiita Bi Kamera, na unajua nalipenda jina hilo hata nikijifanya kununa. Nilivyolipata hujui. Zamani, harusi zetu hapa Mikindani upande wa wanawake hazikuwa na picha. Mpiga picha alikuwa mwanamume, bibi harusi akishafunikwa gubigubi ndipo anaitwa, anapiga shela na mikono yenye hina, basi, anapewa soda anaondoka. Ukitazama picha zile unaiona nguo, mtu humwoni. Nilipoazima kamera kwa shoga yangu, harusi ya kwanza kualikwa ilikuwa Ziwani. Nikaingia uani, nikainua kamera, na ngoma ikanyamaza. Kila mwanamke akavuta mtandio. Kungwi wa yule binti, mama mmoja mnene mwenye sauti nzito, akaniambia, "Bibi wee, weka chini hicho kidude. Ingia ucheze kwanza, na sie tukuone."

Nikaweka kamera chini, nikavua mtandio, nikajifunga kanga kiunoni, nikacheza. Unajua nisivyojua kucheza. Walinicheka mpaka wengine wakakaa chini. Baada ya hapo niliinua kamera na hakuna aliyejali. Hawakunipa ruhusa kwa sababu ya ufundi, maana siku ile nilikata vichwa vya nusu ya watu. Walinipa kwa sababu walikuwa wameshaniona na mimi nikiwa kichwa wazi.

Na sheria ya kazi hii ni ile unayoisikia tangu utoto. Simu zote zinakusanywa mlangoni kwenye kapu, na kapu analikalia shangazi mmoja asiye na masihara. Ndani kamera ni yangu peke yake. Nikishamaliza kuunganisha filamu, namkabidhi mama wa bibi harusi flashi moja mkononi mwake, naye ataitazama na binti zake mlango ukiwa umefungwa, kisha ataifungia kwenye sanduku pamoja na udi. Mimi nikirudi nyumbani nafuta kila kitu. Hiyo ndiyo ahadi, na miaka mingi niliitimiza bila hata kuifikiria.

Nilivyoacha kufuta ni kwa sababu ya sifa. Mama mmoja wa mtaa wa juu alifua gauni flashi ikiwa mfukoni. Binti yake alikuwa ameshakwenda Msumbiji kwa mumewe, na huyu mama akaja kwangu analia kama aliyefiwa. Kwa bahati, uvivu tu, nilikuwa sijafuta. Nikampa nyingine. Alinibusu mikono yote miwili, akatoka hapo akatangaza mji mzima: Bi Kamera hapotezi kitu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tangu siku hiyo sikufuta tena. Nilijiambia nawawekea wenyewe akiba. Kumbe nilikuwa najiwekea mimi, nisubiri mwingine aje kulia nimfute machozi na nisifiwe.

Ndipo mahali pa kuweka pakawa padogo, na ndipo kikaja kile kisanduku cha kwanza ulichokipata kwa mwenzako kikiwa kimeshatumika. Ulinieleza vizuri, mimi ndiye nilichelewa kuelewa: ni ghala la nyumba nzima, filamu zinakaa humo, na televisheni na simu na kompyuta zinachota kupitia waifai bila waya. Nilifurahi kwa sababu ya bibi yako. Alikuwa amepata kiharusi, tumemhamishia sebuleni kwenye hewa, na kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, amwone marehemu babu yako akisoma maulidi. Abonyeze kitufe kimoja, mumewe atokee.

Lakini kelele zake! Diski mbili zinazunguka ndani, feni inavuma, usiku na mchana. Bibi yako akawa anauliza, "Ntu gani huyo anasaga nchele humu ndani nchana kutwa?" Tulikiweka chini ya kochi na mto juu yake, kikapata joto kikazima chenyewe. Tukakiweka kwenye kabati la vyombo, vikombe vyangu vya harusi vikaanza kugongana na baba yako akatoka bafuni akidhani ni tetemeko. Tukakipeleka chumbani kwetu, na hapo ukuta wa nyumba hii ukagoma, maana walioujenga kwa matumbawe na chokaa hawakuifikiria waifai. Picha ikaganda babu yako akiwa kinywa wazi katikati ya kasida, na bibi yako akalia, akisema, "Mwiteni daktari." Siku ile sote tulicheka, halafu mimi nikaingia jikoni nikalia na mimi.

Ukasema tutoboe ukuta tupitishe waya. Nikasema ukuta wa babu wa baba yako hautobolewi. Ndipo ukakaa nami hapa hapa, ukanifundisha kuchagua kama unavyomfundisha mtoto kusoma. Kuna vya diski zinazozunguka, vina nafasi kubwa na bei ya chini, ila vina mtetemo. Kuna vya diski zisizozunguka, vimetulia, ila nafasi ni ndogo na bei imechangamka. Kuna vyenye feni, na kuna ambavyo mwili wake wenyewe wa bati ndio unaotoa joto nje. "Hivyo visivyo na feni ndivyo vya sebuleni, Mama," ulisema, "ila usije ukakifunika na vitambaa vyako vya kufuma." Na kisha ukasema jambo jingine. Nakumbuka ulikuwa umeshaweka simu chini. "Lakini kabla ya kelele, tuamue nani ataona nini. Kazi zako zikae peke yake, kwa neno la siri."

Nikakujibu, "Nyumba hii haina wezi."

Ulitabasamu ukaacha. Ungebishana nami siku ile, Hashimu. Najua kubishana na mimi ni kazi, lakini ungebishana.

Dukani kwa Murtaza nilikwenda peke yangu, wewe ulikuwa kwenye usaili wa pili wa kazi ya Mwanza. Akanitolea kimoja cheusi, kidogo kama kopo la biskuti, akakiwasha. Nikakiinamia nikaweka sikio. Wateja wakasimama kunitazama. Sikusikia kitu. Murtaza, unamjua na heshima zake, babu yake alikuwa akimuuzia bibi yako kanga, akasema, "Dada, hiki hata ukilala nacho kitanda kimoja hutakisikia." Halafu akaniuliza swali lile lile lako: nikufungie sehemu yenye siri, au kiwe wazi kwa nyumba nzima? Nikamwambia kiwe wazi, mama mkwe wangu ana mkono mmoja tu unaofanya kazi, ataandika maneno ya siri saa ngapi? Ilikuwa kweli. Huruma yangu kwa bibi yako ilikuwa ya kweli, na uvivu wangu ulijificha nyuma yake. Nimejifunza kwamba mambo mabaya niliyoyafanya maishani mengi yalikuwa na sababu nzuri mbele yake, ndiyo maana sikuyaona.

Kuna kitu kimoja cha siku ile tulipokihamishia filamu ambacho nataka ujue kwamba nilikiona. Ulikuwa umeunganisha kompyuta yangu, filamu zinahamia moja moja, na kila moja inaonyesha kijipicha chake kidogo kwenye kioo. Ukauchukua mtandio wangu kwenye kiti, ukakifunika kioo chote, ukakaa pembeni unasubiri. Kila baada ya muda ukawa unaniita mimi nifunue nitazame kama imekwisha. Nikakucheka. Nikasema, "Unaogopa vijipicha?" Ukasema, "Si vyangu."

Sasa ile Ijumaa. Wewe ulikuwa sebuleni, mimi nilikuwa uani, kwa hiyo ya upande wangu huyajui. Wanaume walikuwa wamerudi msikitini, dua ya kumwombea bibi yako ilikuwa imesomwa, pilau imeliwa. Nilikuwa napanga sahani na majirani. Nikamsikia baba yako akisema kwa majivuno, "Ngojeni niwaonyeshe marehemu mzee." Nikafurahi. Kisha nikasikia ngoma, na vigelegele. Mwanangu, nilijua ni vya harusi ya nani kabla ya mtu yeyote, maana sauti ya kwanza katika vigelegele vile ilikuwa yangu.

Televisheni ilikuwa imeanza na ile ya karibuni zaidi, kama ulivyonieleza baadaye. Harusi ya Rukia, bibi harusi wangu wa mwisho. Rukia kichwa wazi, shangazi zake wamefunga kanga kiunoni, mbele ya wanaume wenye mchuzi vidoleni. Baba yako anabonyeza kila kitufe isipokuwa kinachotakiwa, na sauti inazidi. Ni wewe uliyeruka ukachomoa waya ukutani. Nilipochungulia pazia niliwaona wote wameinamisha vichwa, na baba mdogo wa mume wa Rukia anasimama, anatafuta viatu vyake, anaondoka bila kunawa mikono. Kile kisanduku kilikuwa pale pale kando ya televisheni, kimetulia, na hakuna aliyekuwa anakumbuka kwamba kipo.

Mtu akauliza nani aliyekifunga kidude hiki, baba yako akajibu kwa mshituko tu, bila kufikiri: "Hashimu." Hakuwa na nia mbaya. Lakini jina lilitoka nje ya mlango na yule bwana mwenye mikono ya pilau, likafika mtaani kabla ya Alasiri.

Mama Rukia alikuja kesho yake na dada yake. Alikaa hapo hapo kwenye kochi, hakuvua buibui. Alisema, "Mama Hashimu, sikuja kugombana, nimekuja kuuliza. Binti yangu amerudi nyumbani, mumewe anasema ameambiwa na ukoo wake jinsi mkewe anavyocheza. Hilo tutalimaliza wenyewe. Lakini kuna maneno. Wanasema mwanao ndiye mwenye funguo za hicho kidude. Wanasema anatazama, na anawarushia wenzake."

Hapa ndipo pananisumbua, na nitaliandika kama lilivyo. Aliposema jina lako, nilipumua. Nilikuwa nimekaa tangu asubuhi nikisubiri aniulize swali moja tu: kwa nini filamu ya binti yangu bado ipo? Hakuniuliza. Aliuliza juu yako, na kifua changu kikalegea. Mzazi anasema atamfia mwanawe. Mimi siku ile nilijificha nyuma ya wangu, kwa muda mfupi, lakini nilijificha.

Nikakuita. Ulikuja na taulo begani. Nikakuuliza mbele yao, "Umezitazama?" Ukasema, "Sijazitazama, Mama." Hapo ndipo ningesimama nikasema habari ya mtandio juu ya kioo. Nilikuwa nayo mdomoni. Badala yake nikasema, "Apa." Hakuna aliyeniomba. Mama Rukia mwenyewe akasema, "Hapana, mama, hatujafika huko," na mimi nikasema, "Tumefika," nikanyoosha mkono rafuni nikaushusha msahafu.

Uliutazama msahafu, ukanitazama mimi. Ukasema, "Nimeshakujibu, Mama." Ukatoka kwa mlango wa uani.

Nimejieleza mara nyingi kwamba nilitaka kukusafisha mbele za watu. Nusu ya hilo ni kweli. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka kujua. Ulikuwa umenijibu, na jibu lako halikunitosha, mimi niliyekuzaa. Nilikuwa nimekaa na maneno ya mtaani kwa siku moja tu, na tayari yalikuwa yameuzidi uzito ulimi wako. Hili linaniuma kuliko harusi ya Rukia, na harusi ya Rukia inaniuma sana.

Kilichofuata umekipata wewe zaidi yangu. Maneno yakawa, "Amekataa kuapa." Kinyozini, kibandani kwa muuza kahawa, kwenye mpira. Yule mwalimu wa madrasa aliyekuomba uwafundishe watoto kompyuta akakwambia upumzike kidogo. Ulikuja ukala, ukanisaidia kumgeuza bibi yako. Na kazi ya Mwanza ilipojibu, wakasema unakimbia. Ulikuwa umeiomba kabla ya yote haya, ni mimi niliyekusindikiza kwenye usaili wa kwanza. Hilo nalo sikulisema mahali popote.

Baba yako anasema ulikataa kuapa kwa kiburi, na kiburi hicho umekitoa kwangu. Inawezekana. Bibi yako, ambaye sote tunamsahau kwa sababu amelala na huku anasikia kila kitu, alinigombeza juzi nikimlisha uji. Akasukuma kijiko kwa ule mkono wake mmoja. "Ntoto keshajibu," akasema. "Wataka Mungu aje afanye kazi ya masikio yako?" Halafu akakataa uji mpaka alipoletewa na baba yako.

Juzi hiyo hiyo nilikifunga kisanduku kwenye kanga, nikakipeleka mjini kwa Murtaza. Nilimwomba atoe filamu za babu yako na zako za utotoni aziweke kwenye flashi, nyingine zote zifutwe zisirudi tena. Akakiunganisha, akatazama, kisha akasema kwa upole, "Dada, kifaa hiki kinajiwekea kumbukumbu. Kila filamu iliyofunguliwa, lini, na kwa simu au kompyuta gani. Nikufungulie uone kabla sijafuta? Kama kijana wako hajagusa, hapa itaonekana. Utawaonyesha watu."

Hashimu, nilisimama pale na mkono umeshika meza. Hukumu yako ilikuwa umbali wa kidole cha Murtaza. Ningeweza kurudi Mikindani na karatasi, nikaibandika hata kwenye ukuta wa kinyozi. Na nilitaka, sitakuficha, nilitaka mno. Lakini nilijua nikishatazama, hata nikikuta huna kosa, nitakuwa nimekuapisha mara ya pili, na safari hii bila hata wewe kuwepo ukatae. Nikamwambia, "Futa." Akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia afute kabla sijawa mtu mwingine. Akafuta. Sasa hakuna ushahidi wowote, wa kukushtaki wala wa kukutetea. Baba yako aliposikia alishika kichwa. Pengine nimefanya ujinga juu ya ujinga. Siku zote nilizoishi sijawahi kufanya jambo nikiwa na hofu namna ile, na huku sijutii.

Huko Mwanza kazi yako itakuwa kuingia kwenye sebule za watu na kuwafungia vidude hivi. Watakuuliza maswali yangu. Kipi hakina kelele, kipi kinaonyesha picha haraka, kipi hakitamwamsha mtoto. Wajibu, ni haki yao, nyumba yenye mgonjwa inahitaji utulivu na mimi sijutii kuutafuta. Ila usitoke mpaka umewauliza nani anakaa sebuleni, nani anapita, nini kitawekwa humo na ni cha nani. Wengine watakuona mjuaji. Mtu akikwambia nyumba yake haina wezi, bishana naye. Usitabasamu ukaacha kwa sababu ni mtu mzima na anakufanya umheshimu.

Na ukija kuwa na mtoto, siku moja atakujibu jambo usilokuwa na njia ya kulithibitisha. Sina ushauri. Nakwambia tu kwamba siku hiyo inakuja ghafla, mtu kakaa kwenye kochi lako, na unapewa muda mdogo sana.

Bibi yako ameamka kidogo, ameuliza kama umerudi. Nimemwambia bado. Amesema, "Akija asinipite," na amelala tena. Usimpite hata ukirudi umechelewa.

Sasa la mwisho, ambalo ndilo lililonikalisha hapa. Leo baada ya Alasiri, wewe ukiwa unafunga mizigo, nilikwambia naenda kununua nazi. Nilikwenda kwa Mama Rukia. Rukia ameshapatana na mumewe, amerudi kwake, lakini mama yake hajanisamehe, na hata chai hakunitilia. Nikamjibu swali ambalo hakuniuliza: kwamba filamu ya binti yake ilikuwepo kwa sababu mimi niliacha kufuta, kwa kupenda sifa, na kwamba ilikuwa wazi kwa sababu mimi nilitaka iwe wazi, nikiwa nimeonywa na mwanangu, na kwamba juzi nimezifuta zote. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hilo sikusamehi leo, Mama Hashimu. Labda baadaye." Nikamwambia sawa.

Kisha nikamwomba maji nikatia udhu, nikamwomba na msahafu wake. Dada yake alikuwepo, na majirani wawili waliokuwa wakichambua mchele barazani nikawaita ndani. Nikaapa mbele yao kwamba mwanangu Hashimu hakuzitazama filamu za Rukia wala za binti wa mtu yeyote, na hakumrushia mtu, na kama si kweli basi Mwenyezi Mungu anishike mimi, asimshike yeye. 

Wale majirani wakatazamana. Mama Rukia akauchukua msahafu wake, akaufunika na kitambaa, akakaa nao mapajani. Akaniuliza, "Umejuaje? Wasema kile kidude umeshakifuta."

Nikamwambia, "Nilimuuliza, akanijibu."

Mama yako